Siku za Kutogusa Sabuni

Wiki ya kwanza ya ndoa yangu Nyamai alininyang'anya sabuni. Ndiyo, sabuni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimeletwa hapa Nuu na kisanduku kimoja, na ndani ya kisanduku hicho kulikuwa na kipande cha sabuni ya kunukia nilichopewa na shangazi yangu. Nyamai alikichukua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya, akakitupa juu ya paa. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nikamwambia mimi narudi kwetu, siwezi kuishi na mtu mchafu.

"Mbinya, kesho kutwa naenda porini," akaniambia. "Tandala ana pua kuliko mbwa. Ukioga kwa sabuni, mimi pia nitanuka sabuni, na tutalala njaa sote wawili."

Basi nikajifunza. Siku tatu kabla ya kuwinda hakuna sabuni nyumbani, si kwake si kwangu. Hakuna kukaanga kitunguu. Hakuna tumbaku. Kila mtu na malazi yake, na usiniulize zaidi. Yeye alilala kando ya zizi la mbuzi, nguo zake akazitundika mtini zipigwe na upepo. Asubuhi ya kuondoka alijipaka majani yaliyopondwa pamoja na mavi ya tandala yaliyolowekwa: kwapani, shingoni, hata katikati ya vidole vya miguu. Mgongoni mkono wake haukufika. Huko nilimpaka mimi. Nilibana pumzi, lakini nilimpaka.

Halafu alitia majivu kwenye kitambaa chepesi akakifunga kiunoni. Akifika porini anakitikisa, majivu yanapeperuka, anajua upepo unaelekea wapi. "Asiyejua upepo akae nyumbani apige soga," ndivyo alivyosema, na alikuwa anamsema Kitonga, jirani yetu, ambaye miaka yote alirudi mikono mitupu.

Sheria ilipokuja kukataza uwindaji, Nyamai aliendelea kwa kujificha miaka miwili hivi. Askari wa wanyama wakamshika na mguu wa digidigi ndani ya kiondo. Alikaa jela miezi sita. Alipotoka akaokoka, akauvunja upinde kwa mikono yake mbele ya mchungaji, akawa mkulima wa ndengu na mbaazi kama watu wengine. Mimi nikanunua sabuni. Nilinunua ya kufua, ya kuoga, ya kunukia, nilitaka kulipiza. Tukamlea mwanetu Musyoka, ambaye sasa ana duka la vyuma kule Tawa. Nyamai akapewa kazi ya kupanga watu kanisani, na Jumapili alipiga pasi shati jeupe mpaka likataka kusimama lenyewe. Zaidi ya miaka arobaini sikusikia neno tandala kinywani mwake.

Miaka mitatu iliyopita akaanza kusahau. Mwanzo alipoteza jembe. Nani hapotezi jembe? Kisha akapoteza njia ya kutoka kanisani. Kisha siku moja nikamwekea maji ya kuoga, akainama, akanusa, akabetua karai lote uani.

"Unataka tulale njaa?" akafoka.

Haki ya Mungu, sauti ilikuwa ile ile ya ujana wake. Nikamwambia, "Baba Musyoka, unawinda nini wewe, na magoti hayo?" Akaniangalia kama mtu asiyenielewa, akaenda zake kulala kando ya zizi.

Tulipigana kwa ajili ya maji mwezi mzima. Mimi sina subira, kila mtu hapa anajua. Nilimkimbiza uani na kitambaa chenye povu, mwanamke wa miaka sabini, na yeye mbele anajificha nyuma ya ghala, na majirani wamesimama uani kwao wanatazama kana kwamba ni sinema. Siku moja nilimshika, nikamsugua mgongo kwa nguvu. Alilia. Nyamai, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mama yake, alilia kama mtoto na kusema, "Umeniharibia, umeniharibia." Nikaacha. Niliketi chini kwenye matope ya maji yale nikalia pamoja naye.

Kanisani ndiko kulikoniumiza zaidi. Nilimpeleka vivyo hivyo, ananuka beberu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Benchi letu likawa tupu. Dada mmoja wa kikundi chetu cha akina mama akatoa leso akajiziba pua wakati wa maombi. Nilimfuata nje. Nikamwambia, "Harufu hii unayoizibia pua ndiyo iliyowalisha nyama baba yako na mama yako mwaka ule wa kiangazi kikali. Waulize wazee wenu." Akaishusha leso. Lakini Jumapili iliyofuata hatukurudi, wala hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini.

Kwenye zahanati kuna muuguzi anaitwa Fahima, msichana wa Kiislamu kutoka Mwingi, mtaratibu sana. Alimpima Nyamai, akamuuliza mwaka, akamuuliza jina langu. Mwaka hakuujua. Jina langu alilijua, lakini alipoulizwa Mbinya ni yupi hapa chumbani, alitazama mlangoni.

"Susu, nyanya yangu, hakuna dawa ya kumrudisha," Fahima akaniambia. Alinishika mkono. "Usibishane naye. Ukibishana unamtia hofu tu. Mfuate huko aliko, kwa maneno."

Nimfuate huko aliko! Yeye alikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na mbili. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilipochoka nikatii. Nilirudi nyumbani nikaficha sabuni. Alipoponda majani nilimpondea mengine. Mavi ya tandala hatuna, nikamlowekea ya mbuzi, hakujua tofauti. Na mgongoni pale mkono wake usipofika, nilimpaka mimi. Alitulia. Alisimama ameinamisha kichwa kama zamani, na alipomaliza kupakwa akasema, "Hapo sawa." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa kuniambia neno zuri. Kwa hiyo nilimpaka kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku. Niliona nimepata dawa. Jinga mimi.

Alhamisi moja, mwezi wa tisa, jua linapochomoza, nilitoka na uji nikakuta gunia lake la kulalia kando ya zizi halina mtu. Fimbo aliyoikunja na kuifunga kamba ya gunia kama upinde haikuwepo. Nguo alizozitundika mtini hazikuwepo.

Mwezi wa tisa kwetu unaujua. Mto ni mchanga mtupu, maji ni ya kufukua, majani hakuna, jua linachoma kuanzia saa tatu. Mzee wa miaka karibu themanini hawezi siku mbili porini bila maji. Nilimpigia simu Musyoka, akafunga duka, akafika kabla ya saa sita. Chifu akatoa vijana. Wakaingia porini wakiita jina lake, wakipiga mbinja, wakipiga madebe. Kitonga naye akaenda, na mguu wake mbovu, nampa heshima yake. Jioni wakarudi wamechanwa na miiba. Hakuna hata alama ya kiatu, maana hakuvaa viatu.

Ijumaa Musyoka alimleta mtu anaitwa Mulinge, polisi mstaafu aliyekuwa akifundisha mbwa, na sasa anafuga wake mwenyewe. Mbwa mkubwa, mweusi, mtulivu kuliko watu wengi. Moyo wangu ukapanda. Mulinge akaniambia, "Mama, nipe nguo yake aliyoivaa karibuni." Nikampa shati. Mbwa akalinusa kwa muda mrefu, akatikisa mkia, akaondoka kwa kasi, sisi sote nyuma yake tukikimbia, mimi pia, nimeshika sketi. Akazunguka zizi letu mara mbili. Akaruka ua. Akateremka bondeni moja kwa moja mpaka kwenye mbuzi wa Kitonga waliokuwa wanakula maganda ya migunga, akasimama mbele ya beberu mmoja akabweka kwa furaha.

Watu wakacheka. Nami nilicheka, nisidanganye, yule beberu alikuwa amesimama anashangaa kama mtu aliyeshtakiwa bure.

Mulinge hakucheka. Alilinusa shati mwenyewe. "Huyu mzee alijipaka nini?"

"Mavi ya mbuzi," nikasema. "Na majani. Mwili mzima."

"Mwili mzima? Hata mgongo?"

Musyoka alinitazama. "Mama. Mgongo alifikaje?"

Hakungoja jibu. Mwanangu ana upole wa baba yake, lakini siku ile aliniambia mbele ya watu, "Umempaka mwenyewe, ukampeleka mwenyewe." Akaondoka akasimama peke yake, ametupa mgongo. Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe dawa niliyodhani nimeipata ndiyo iliyomfuta mume wangu, hata mbwa asijue kama kuna binadamu aliyepita.

Mulinge alijaribu tena, kwa gunia, kwa kofia, mara tatu. Kila mara ni mbuzi. Saa kumi akaomba radhi akaenda. Vijana wakarudi porini wakiita, "Mzee Nyamai! Mzee Nyamai!" Mimi nilikuwa nimeketi jikoni nikisikiliza sauti zao zinavyopasua mlima, na hapo ndipo nilipojipiga paji la uso. Kelele za wanaume porini! Kwake yeye hao ni nani? Hao ni askari wa wanyama. Miaka imemchanganyikia kichwani, na sasa yuko ile ya kukimbia askari. Kadiri walivyomwita ndivyo alivyozidi kujificha, na Nyamai akiamua kujificha, utamkanyaga na hutamwona.

Nilimwambia Musyoka. Akasema, "Sasa tufanye nini, Mama? Tusimtafute?" Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu, macho mekundu. Nikamwambia alale kidogo, mimi nikakaa macho nikiwaza.

Jumamosi asubuhi nilioga. Nilichukua sabuni ya kunukia aliyokuja nayo mke wa Musyoka, ile ya waridi, nikajisugua mara tatu nisijisuuze vizuri. Nikajipaka mafuta ya nywele, ya uso, ya mikono. Nikachukua chupa ya manukato ya mwanangu nikaimwaga kifuani. Musyoka akanikuta uani ninanuka kama harusi.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kumharibia baba yako uwindaji," nikasema. "Warudishe vijana wote. Asibaki hata mmoja. Na wewe kaa hapa na simu."

Kuna mahali chini ya mlima, kati ya mawe mawili makubwa, udongo wake una chumvi, wanyama huja kuuramba. Mimi sikuwahi kufika, mwanamke haendi huko. Lakini miaka ile ya uwindaji wake nilipasikia kila usiku, jiwe hili, kichaka kile, upepo wa asubuhi unatoka huku, wa mchana unatoka kule. Vijana walikuwa wamepita hapo mara mbili, wakasema hakuna mtu. Nilibeba chupa ya maji na majivu kwenye leso. Nilitembea saa nzima, magoti yakilia. Nilipoyaona mawe nilitikisa leso. Majivu yakaenda kushoto. Nikazunguka, pole pole, nikasimama mahali ambapo majivu yalitoka kwangu yakaenda moja kwa moja vichakani. Kisha nikakaa kimya, nikapepea kanga yangu, ninanuka kwa nguvu zangu zote.

Unajua kusubiri ambako huwezi kufanya lolote? Siwezi kuita, akisikia ataingia ndani zaidi. Siwezi kuingia vichakani, sijui alipo. Naweza kunuka tu. Nikawaza, labda hayuko hapa. Labda yuko na amelala na hataamka, na mimi nanukia maiti. Niliomba. Sikuomba vizuri, nilimwambia Mungu maneno ambayo kanisani wangenitoa nje.

Matawi yakasukumwa. Akatokea, hatua kumi kutoka nilipokuwa, mweusi kwa vumbi na mavi yaliyokauka, midomo imepasuka, upinde wake wa kamba ya gunia mkononi. Alikuwa hai! Na alikuwa amekasirika, ee Ngai, amekasirika mpaka anatetemeka.

"Wewe mama!" akasema kwa sauti ya chini, kali. "Nani amekuleta hapa na sabuni? Siku tatu namngoja, siku tatu, na wewe unakuja kunuka hapa!"

"Nisamehe," nikasema. Machozi yalikuwa yananimwagika. "Nyamai, ni mimi. Ni Mbinya."

Akanitazama usoni. Alinitazama kwa makini, kwa adabu, kama mtu anayetaka kusaidia. Kisha akacheka kidogo.

"Mbinya ni msichana, mama. Wewe unaweza kumzaa." Akatikisa kichwa. "Tena mke wangu anajua. Siku kama hii hagusi sabuni. Hebu nenda nyumbani kwako, tafadhali."

Na akageuka. Alikuwa anarudi vichakani! Nilikuwa na maji mkononi, ilikuwa saa nne jua limeshaanza kuchoma, na mume wangu alikuwa anarudi kufa kwa sababu mimi si mimi. Kumkamata siwezi. Hata sasa ana nguvu kunishinda, na nikimgusa atakimbia. Maneno ya Fahima ndiyo yaliyonijia, sijui kutoka wapi.

"Ni Mbinya aliyenituma," nikasema.

Akasimama.

"Anasema yuko peke yake na anaogopa. Ameniambia nikupe maji haya, unywe, urudi."

Ungeona uso wake. Hasira yote ilikatika. "Mbona hukusema?" Akaja, akachukua chupa, akanywa yote bila kupumua, maji yakimtiririka kifuani na kuchora njia kwenye uchafu. Upinde akautupa chini, hakuuangalia tena. Akaanza kutembea kurudi nyumbani, mbele yangu, haraka, miguu inayumba, nami nyuma nimempigia Musyoka simu nikinong'ona aje na maji mengine.

Njiani aliniongelesha, jinsi mtu anavyoongea na mgeni anayefuata njia moja naye. Aliniambia mke wake ameolewa juzi tu, hajazoea nyumba. Ana mdomo, akasema, akikasirika anaweza kukimbiza simba. "Lakini asubuhi hunipaka mgongo. Hapendi, naona anavyobana pumzi. Hajawahi kukataa hata siku moja." Akatembea kidogo. "Sijamwambia, lakini nikiwa huko porini namuwaza yeye kuliko tandala."

Miaka hamsini na zaidi nimeishi na mtu huyu na hajawahi kuniambia hivyo. Nilimwonea wivu yule msichana. Nilimwonea wivu na nikamchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Musyoka alitupata njia panda, akamshika baba yake mkono. Nyamai alimshukuru, akamwita kijana mzuri, akamuuliza ni wa nani. Mwanangu akasema, "Wa hapa karibu." Tulipofika nyumbani Fahima alikuwa ameshafika na chupa ya maji ya kutia mshipani. Wakamketisha kwenye kiti kivulini, mwenyewe akakubali, akawapa mkono. Lakini shingo yake haikutulia. Alichungulia jikoni, akachungulia mlango wa nyumba, akatazama zizini.

"Mbinya yuko wapi?" akauliza.

Kila mtu akanitazama mimi. Musyoka akafungua kinywa, nikamtikisia kichwa.

"Ameenda mtoni kuteka maji," nikasema.

"Peke yake? Jua hili?" Akataka kusimama, Fahima akamzuia bega. Basi akanigeukia, amenishika ncha ya kanga, macho yamejaa wasiwasi. "Mama, tafadhali, wewe umenisaidia sana leo. Mwendee, umsaidie kubeba. Njia ya mtoni bado hajaizoea."

Nikamwambia nitaenda. Nikachukua jerikeni ukutani, nikatoka.